Bia Chungu na Fadhila ya Kiasi



Vijana wenzangu, leo nina swali ambalo kwenye semina zetu nyingi huwa linarukwa. Tunauliza sana kama Mkatoliki anaruhusiwa kunywa pombe. Hilo jibu lake mnalijua, na wengine mnalipenda kupita kiasi: Kanisa halikatazi pombe, linakataza ulevi, na Yesu mwenyewe alikwenda arusini Kana ya Galilaya, divai ikapatikana. Basi, mjadala unafungwa hapo, tunakwenda kucheza mpira wa wavu. Swali langu liko hatua moja mbele. Je, ni halali kuifurahia? Siongelei kunywa kwa sababu ni sherehe au kwa sababu rafiki kanunua. Naongelea kukaa na glasi mbele yako, ukainusa, ukaionja taratibu, ukasema moyoni, hiki kitu ni kizuri. Hiyo ni shukrani kwa Muumba, au ni tamaa ya mwili iliyovalishwa suti?

Swali hili nililetewa na binti mmoja wa VIWAWA hapa Mpanda, ambako niko kwa mwaka wangu wa kichungaji. Baada ya kikao tulikuwa tunapiga stori chini ya mwembe, nami nikawasimulia bia niliyoionja Dar es Salaam likizo iliyopita. Vijana wa kiume walicheka, wakataka kujua jina lake na bei. Yeye hakucheka. Alisubiri wenzake waondoke, akasema, "Frateri, samahani. Nyumbani kwetu mlango wa chumba cha mama hauna kitasa, baba alikivunja akiwa amelewa. Sasa wewe ukisifia bia, mimi nisikie nini?"

Nilimwomba anipe muda, kwa sababu swali la namna hiyo halijibiwi mtu ukiwa umesimama. Haya ninayoandika ndiyo niliyokwenda kuyafikiria. Ameniruhusu nilitaje swali lake bila jina.

Nianze na bia yenyewe. Kaka yangu, mtoto wa baba mkubwa, ni fundi umeme Dar es Salaam. Jumamosi moja alinipeleka mahali wanapouza bia zinazotengenezwa kwa kiasi kidogo, si zile za viwanda vikubwa tulizozizoea. Tukaletewa glasi mbili za pilsna. Bei yake ilinitisha: kwa glasi ile moja ungepata bia tatu kwenye grosari yoyote ya Makanyagio, na chenji ya mishikaki ikabaki.

Kwenye grosari zetu mhudumu ana swali moja tu: ya baridi au ya moto? Ya moto maana yake ambayo haijaingia kwenye friji. Ya baridi ikiwa baridi kweli kweli, ulimi unakufa ganzi, husikii chochote zaidi ya ubaridi, na kwa jua la Oktoba hapa Mpanda hicho ndicho mtu anachokitafuta. Ile ya Dar ililetwa ya baridi ya wastani. Rangi yake dhahabu, safi kiasi cha kuona vidole vyangu upande wa pili wa glasi. Povu jeupe, zito, limeng'ang'ania ukingoni. Nilipoinusa nilisikia majani mabichi yaliyotoka kufyekwa, ganda la limau, na kwa mbali kitu kama pilipili manga. Ukimeza, kwanza unakuja utamu mdogo wa nafaka, kama ganda la mkate uliotoka tanurini. Halafu uchungu. Unaanzia nyuma ya ulimi, unatanda, unakausha kinywa, na unakaa. Haukuwa uchungu wa kwinini wala wa mwarobaini. Ulikuwa karibu zaidi na mchunga uliopikwa vizuri kwa karanga, ule unaokufanya utake tonge lingine.

Uchungu huo na ile harufu vinatoka kwenye ua linaloitwa hopsi. Bia ya namna hii ina vitu vinne tu: maji, kimea cha shayiri, hamira, na hopsi. Hopsi ni mmea unaopanda kwenye kamba kama maharage marefu, na kisayansi uko ukoo mmoja na bangi. Najua mtacheka, lakini kazi yake ni nyingine kabisa. Ndani ya ua kuna unga wa njano wenye mafuta. Ukiuchemsha muda mrefu unatoa uchungu, na ule uchungu unasaidia bia isiharibike. Lakini ukiuchemsha muda mrefu harufu yake yote inaruka na mvuke. Kwa hiyo mtengenezaji anayetaka vyote viwili hutia hopsi mapema kwa ajili ya uchungu, kisha hutia nyingine mwishoni kwa ajili ya harufu. Huku kwetu haustawi vizuri, kwa sababu unahitaji siku ndefu za kiangazi cha nchi za mbali na ikweta, na sisi mchana wetu ni saa 12 hivi mwaka mzima. Afrika Kusini wanaulima karibu na mji wa George. Hopsi za bia zetu zinakuja na meli.

Pilsna imepata jina lake kwenye mji wa Plzeň, nchi ya Cheki ya leo. Inasimuliwa kwamba mwaka 1838 wenyeji walichoshwa na bia mbovu ya mji wao hadi wakamwaga mapipa 36 hadharani. Wakajenga kiwanda kipya, wakamwita fundi kutoka Bavaria, Josef Groll, na mwaka 1842 akatoa bia ya kimea cheupe, maji laini na hopsi za eneo la Žatec. Dunia nzima ikaiga. Bia za dhahabu unazoziona kwenye kreti hapa kwetu ni wajukuu wa bia ile, ila wajukuu wengi wamepunguziwa hopsi ili zisimchukize mtu yeyote.

Napenda kwamba watu wa Plzeň walimwaga bia kwa sababu ya ladha. Mlevi hawezi kufanya hivyo. Mlevi humwagi bia mbele yake akakusamehe.

Hapo ndipo falsafa inapoanza. Kila mtoto hukataa kitu kichungu. Miili yetu imeumbwa hivyo, maana sumu nyingi za porini ni chungu. Mtu hazaliwi anapenda mchunga, wala kahawa kavu, wala nyanya chungu. Anafundishwa, mezani, na watu anaowaamini. Aristotle, katika Maadili ya Nikomako, anasema jambo ambalo nilipolisoma mwaka wa pili nilidhani ni dogo: kwamba malezi mema ni kumzoesha mtu tangu utotoni kufurahia yanayostahili kufurahiwa na kuumizwa na yanayostahili kuumiza. Hakusema kuzima furaha. Alisema kuifundisha. Mtu mwema kwake si yule anayetenda haki huku amekunja uso. Ni yule ambaye kutenda haki kumekuwa kutamu.

Mtakatifu Thoma wa Akwino alilichukua hilo akalibatiza. Anapoeleza fadhila ya kiasi katika Summa, anaweka kilema upande mmoja na kilema upande wa pili. Upande mmoja ni ulafi na ulevi, tunaoujua sana. Upande wa pili kuna kilema ambacho sijawahi kusikia kikihubiriwa kwenye semina ya vijana: kutohisi. Ni hali ya mtu anayekimbia raha zote za mwili, hata zile ambazo Mungu ameziunganisha na mahitaji yetu ili tuishi. Thoma anasema hilo nalo ni kosa, kwa sababu linapingana na mpangilio wa maumbile. Tafadhali msinisome vibaya. Hapo hapo anasema kuna wanaojinyima raha kwa sifa njema kabisa, kwa ajili ya afya, toba, au sala. Kwa hiyo usiende nyumbani ukamwambie mama kwamba Mtakatifu Thoma ameagiza ununue kreti. Na wewe uliye chini ya miaka 18, sheria ya nchi imeshakujibu, subiri.

Ila kumbe mwenye kiasi ana ulimi! Tumezoea kumchora kama mtu aliyekauka, anayekula ugali bila chumvi. Mtakatifu Benedikto alipowaandikia watawa wake kanuni, aliwapangia kipimo cha divai kwa siku, karibu robo lita, huku akiona wazi kwamba ingekuwa bora wasinywe. Mtakatifu Hildegarda wa Bingen, mtawa wa karne ya 12 ambaye Papa Benedikto wa 16 alimtangaza Mwalimu wa Kanisa mwaka 2012, aliandika kuhusu hopsi yenyewe: kwamba uchungu wake huzuia vinywaji visioze, na kwamba mmea huo humwongezea mtu huzuni. Kwenye kitabu cha zamani cha baraka za Kanisa, Rituale Romanum, kuna baraka maalumu ya bia. Ipo tu, karibu na baraka za vitu vingine vya nyumbani. Kanisa halikuona aibu.

Seminarini kwetu, siku ya sikukuu ya somo wa nyumba, kila mmoja hupewa soda moja au bia moja, anachagua mwenyewe. Walezi hawaangalii sana nani kachukua bia. Wanaangalia namna anavyoinywa. Yupo anayeimaliza kabla ya sala ya chakula haijapoa, halafu anaanza kutafuta mwenzake asiyekunywa yake. Mlezi anaandika kitu kwenye daftari lake, sisi tunajifanya hatukuona.

Sasa turudi kwa yule baba aliyevunja kitasa. Tunasemaga kwamba mlevi ni mtu anayependa pombe kupita kiasi. Naona si kweli, au si kweli kwa muda mrefu. Nendeni mkaangalie gongo inavyonyweka. Mtu anabana pumzi, anakunja uso, anameza kwa mara moja, anafuatisha maji. Hakuna hata sekunde ya ladha pale. Mnakumbuka viroba, vile vya plastiki vilivyopigwa marufuku nchini tarehe 1 Machi 2017? Ulikuwa unang'ata kona, unamimina kooni, unatupa ganda. Nani aliwahi kusifia harufu ya kiroba? Kilichokuwa kinanunuliwa si kinywaji. Ni kutoka. Kutoka kwenye deni, kwenye kazi ya machimbo isiyolipa, kwenye nyumba ambayo mtu anaona hana heshima ndani yake. Kwa jinsi Thoma anavyoeleza, uovu wa ulevi ni kwamba mtu kwa kujua na kwa kutaka anajinyang'anya akili, ile ile inayomwezesha kutenda mema na kukwepa dhambi. Anajiondoa mwenyewe, anaacha mwili nyumbani na watoto.

Kuonja ni kinyume chake. Ili nisikie lile ganda la limau kwenye pilsna, ilibidi niwepo. Ilibidi ninyamaze kidogo, niache simu, nimsikilize kaka yangu ambaye alikuwa anasikia kitu tofauti na mimi, yeye alidai ni majani ya mchaichai, tukabishana. Glasi moja ilichukua karibu saa nzima. Mlevi haonji. Na anayeonja, wakati ule anapoonja, hajaondoka.

Kwa hiyo tunapohubiri dhidi ya ulevi kwa kusema "raha, raha, raha ndiyo tatizo", nadhani tunatibu malaria kwa dawa ya minyoo. Yule baba raha ilimkimbia siku nyingi. Hafurahii chai ya asubuhi, hafurahii watoto wake, na siamini kama anaifurahia pombe.

Lakini hapa kuna pingamizi, na ni zito. Mtu atasema: frateri, huyo baba naye alianza kwa kuonja. Chupa yake ya kwanza aliipenda, akasimulia wenzake, kama wewe ulivyosimulia. Ni kweli, na sina njia ya kulikwepa. Alkoholi haijui kama umesoma falsafa. Pilsna ile ina asilimia 4 au 5 hivi, na ini langu halitofautishi glasi iliyosifiwa kwa maneno mazuri na iliyomiminwa gizani. Kuna watu ambao damu yao, ukoo wao au majeraha yao yamewafungulia mlango huo upana zaidi kuliko mimi, na hawajui mpaka wameshaingia. Kuonja si chanjo. Mtu anaweza kuanza na neno "naonja tu" akamaliza mwaka nalo, huku idadi ya chupa inapanda. Ninachosema mimi ni kidogo zaidi ya hicho: kwamba hamu ya kuonja na hamu ya kulewa ni hamu mbili, hata kama zinapita mlango mmoja, na kwamba mtu mwaminifu anaweza kuzitofautisha ndani yake. Kama ile glasi ingeondolewa mezani nusu, ungesikitika kwa sababu gani? Hilo swali kila mtu anaweza kujiuliza usiku, bila shahidi.

Na msidhani kuonja ni mambo ya Dar na ya wazungu wa Plzeň. Sisi wa Katavi ni waonjaji wakubwa, tumesahau tu kujisifu. Nenda Inyonga, wilaya ya Mlele, kwenye njia ya kwenda Tabora, kwa wazee wa nyuki. Mwaka huu nilikwenda na paroko kwenye ziara ya vigango, mzee mmoja akatuletea asali kwenye ncha ya kisu. Aliniambia, "Usiilambe. Iache ikae." Nikaiacha ikae. Akaniuliza nasikia nini, nikasema utamu, akacheka sana. Akaleta nyingine, kutoka mzinga wa upande mwingine wa msitu, iliyokuwa nyeusi zaidi na yenye ukali kidogo kooni. Akasema ile ya kwanza nyuki walikwenda kwenye maua ya mtundu, hii ya pili ni miti mingine, na akawa anaeleza mvua zilivyonyesha. Alikuwa anasoma msitu mzima kwa ulimi. Sijui profesa gani angeweza kunifundisha vizuri zaidi maana ya kupokea kiumbe kama zawadi.

Asali hiyo hiyo, ukiichanganya na maji na kuiacha ichache, inakuwa wanzuki. Wanzuki wa mzee mwenye mikono mizuri ni kinywaji cha heshima, kina harufu ya maua, na kina uchachu mwembamba. Wanzuki wa kilabuni kabla ya saa nne asubuhi, na vijana wa miaka 20 wamekaa kwenye benchi hawajafungua duka, ni kitu kingine. Nyuki hawakubadilika.

Kuna jambo jingine linalonisumbua kuliko hata ulevi, kwa sababu linatuhusu sisi tunaojiona wastaarabu. Glasi ile ya Dar ilikuwa ghali. Hapa mjini kuna vijana wa rika langu wanaobeba magunia ya mahindi na mpunga kwa malipo ambayo yasingefika bei yake. Ukishajua kutofautisha hopsi za mapema na za mwisho, ni rahisi sana kuanza kumdharau anayekunywa komoni kwenye kopo la plastiki, na kudhani kiasi chako ni fadhila kumbe ni kipato. Nabii Amosi anawashambulia matajiri waliokuwa wakinywa divai kwa mabakuli na kujipaka mafuta bora kabisa. Ukisoma vizuri, sura ya 6, kosa analowashtaki nalo kwa uchungu zaidi ni kwamba hawakuhuzunika kwa maangamizi ya watu wao. Walikuwa na ulimi mzuri, na moyo wenye ganzi. Nikasoma aya hiyo mara mbili, kwa sababu yule binti aliniuliza asikie nini, na Amosi alikuwa ameshajibu upande wake: huwezi kusifia divai mbele ya nyumba iliyobomoka kama vile huioni.

Thoma, anapouliza kama kunywa divai ni haramu, anasema hakuna chakula wala kinywaji kilicho haramu chenyewe. Kinaweza kuwa haramu kwa sababu ya mnywaji, kama ni mtu anayedhurika upesi au ameweka nadhiri. Au kwa sababu ya namna, kama anapita kipimo. Au kwa sababu ya wengine, kama wanakwazika. Hili la mwisho kijana wa leo hapendi kulisikia. Tunasema "maisha yangu". Lakini Paulo, kwenye Waraka wa Kwanza kwa Wakorintho sura ya 8, anaongea na watu waliokuwa sahihi kabisa kwa hoja, walijua nyama ile si kitu, na anawaambia yuko tayari asile nyama kabisa kuliko kumwangusha ndugu. Kuwa sahihi hakukutosha.

Basi jibu nililompa yule mdogo wangu lilikuwa hivi. Nilimwambia kwamba chuki yake kwa pombe ni halali, asiruhusu mtu amwambie amekosa uelewa, na kwamba hadaiwi kuionja maisha yake yote ili kuthibitisha kwamba ni Mkatoliki huru. Nilimwambia kilichovunja kitasa sicho nilichokisifia, na nikaeleza tofauti kama nilivyoieleza hapa. Na nikamwambia kwamba nikialikwa kwenye jumuiya yao, nitakunywa chai. Alinisikiliza. Alisema sehemu ya katikati ataifikiria, ya chai ameipokea.

Kwa wale ambao tayari mko ndani ya shida yenyewe, na najua mpo, maana mnaandika meseji usiku: haya yote ya povu na ganda la limau hayawahusu kwa sasa, na huenda yasiwahusu tena. Someni maisha ya Matt Talbot, kibarua wa Dublin, Ireland. Alianza kulewa akiwa mtoto wa miaka kama 12. Mwaka 1884, akiwa na miaka 28, aliweka ahadi ya kuacha. Hakugusa tena hadi alipokufa njiani kwenda Misa mwaka 1925. Hakujifunza kunywa kwa kiasi. Kiasi chake yeye kilikuwa sifuri. Papa Paulo wa 6 alimtangaza Mtumishi Mwenye Heshima mwaka 1975. Ongea na padre, ongea na mganga hospitalini, vyote viwili, maana mwili uliozoea pombe kwa miaka mingi ukiikatiza ghafla unaweza kuugua vibaya.

Kuna kitu kimoja zaidi, ambacho kwangu kama frateri si nadharia. Padre hawezi kuadhimisha Misa bila kunywa kwenye kalisi. Ni wajibu wake, kila anapoadhimisha. Divai ya Misa ni divai kweli, ina alkoholi. Sasa padre ambaye ni mgonjwa wa pombe afanye nini? Kanisa limelitazama hilo kwa macho makavu. Kuna barua ya Roma ya mwaka 2003, kutoka Idara ya Mafundisho ya Imani, inayomruhusu askofu ampe padre wa namna hiyo kibali cha kutumia maji ya zabibu ambayo uchachu wake umesimamishwa, kwa Kilatini yanaitwa mustum. Ni tunda la mzabibu kweli kweli, na akishaliweka wakfu ni Damu ile ile ya Kristo, bila kupungua. Barua hiyo hiyo inaagiza tahadhari kubwa kabla ya kumpa daraja kijana ambaye hawezi kunywa alkoholi bila kudhurika sana. Kwa hiyo kabla ya ushemasi mlezi atanikalisha na kuniuliza, kwa jina langu kamili, habari zangu na pombe, na za baba yangu, na za babu yangu.